Alfa: Karatasi Inaizuia, Lakini Pafu Je?

Machi nilikuwa nyumbani Sanya Juu, msimu wa kupanda mahindi. Nikakuta Mama amepanga mifuko minne ya mbolea ya fosfeti chumbani anakolala, anaogopa wezi. Mmoja umepasuka, vumbi limetapakaa sakafuni. Nilishtuka, maana semista ile tulikuwa tumesoma mionzi ya alfa.

Tukumbushane kidogo. Chembe ya alfa ni protoni mbili na nyutroni mbili zilizoshikamana, yaani kiini cha atomu ya heliamu bila elektroni zake. Jina la alfa lilitolewa na Ernest Rutherford mwaka 1899. Atomu nzito isiyotulia, mfano urani-238, ikitoa chembe hiyo hugeuka kuwa thoriamu-234.

Mbolea inaingiaje hapa? Miamba ya fosfeti huwa na urani, na ile ya Minjingu, mkoani Manyara, imepimwa ikaonekana inayo nyingi kuliko fosfeti za sehemu nyingi. Katika mnyororo wa urani yumo radiamu-226, anayetoa alfa na kuzaa gesi ya radoni-222, ambayo nayo hutoa alfa. Beta na gama zimo pia, ila leo tubaki na alfa.

Chembe ya alfa ni nzito na ina chaji mbili chanya. Inazivuruga atomu zote inazopita, hivyo inaishiwa nguvu baada ya sentimita chache tu hewani. Karatasi inaizuia. Hata tabaka la juu la ngozi, ambalo seli zake zimeshakufa, linaizuia. Tatizo ni vumbi au radoni ikivutwa: ndani ya pafu hakuna tabaka lililokufa. Nguvu yote inamwagwa kwenye seli hai chache zilizo jirani.

"Kwa hiyo hii mbolea ni sumu?" Mama akauliza.

"Hapana, Mama. Kiasi ni kidogo, na shambani haina neno. Ila vumbi lake si la kuvuta wala la kulala nalo."

"Haya, msomi, beba mwenyewe."

Nikabeba yote hadi stoo ya nje, tukanunua kufuli. Nikafungua madirisha, nikalowesha sakafu kwanza ndipo nikafagia.

Kwenye mtihani niliandika kwamba alfa ndiyo mionzi dhaifu kuliko yote katika kupenya, nikapata maksi zangu. Siku hizi naongeza swali moja: chanzo chake kiko nje ya mwili, au kimeshaingia ndani?