Ukitumiwa Video ya Kitu cha Ajabu Angani

Video za aina hii huja bila tarehe wala mahali, na nyuma yake mtu anapiga kelele, "Jamani, oneni wenyewe!" Usikimbilie kubishana kama ni droni au wageni wa sayari nyingine. Omba kwanza faili halisi. Video iliyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp imebanwa na kupoteza taarifa zake, na nukta nne zilizobaki kila mtu atazisoma apendavyo. Aliyerekodi aitume kama dokumenti, kisha muulize ilikuwa saa ngapi, alisimama wapi, na simu ilielekea upande gani. Andika saa kwa mtindo wa saa 24. "Saa mbili usiku" ya Dar es Salaam ni 20:00, na kwa saa za Greenwich ni 17:00. Ukiingiza 2:00 kwenye ramani ya nyota utatafuta kwenye anga nyingine kabisa.

Sasa ichunguze kamera kabla ya anga. Fungua video kwa VLC kwenye kompyuta, bonyeza herufi E, nayo itasogea fremu moja moja. Kijiti chenye mbawa nyingi ubavuni, kinachokatiza fremu mbili tatu na kupotea, ni mdudu aliyepita karibu na lenzi. Alipiga mbawa mara kadhaa fremu moja ikirekodiwa. Doa la mwanga lililo mkabala na taa kali, umbali sawa kutoka katikati ya picha, ni mwako wa ndani ya lenzi. Na duara linalovimba kila mtu anapovuta picha karibu, mara nyingi ni Zuhura au nyota iliyokosa fokasi. Hata wanajeshi hupatwa na haya: pembetatu zilizorekodiwa na jeshi la majini la Marekani mwaka 2019 zilielezwa mbele ya kamati ya Bunge la nchi hiyo, Mei 2022, kuwa umbo lililotokana na vifaa vya kurekodia usiku.

Kamera ikishajitetea, ndipo ufungue Stellarium kwa nyota na Flightradar24 kwa ndege. Taa zilizojipanga mstari mmoja kama shanga ni satelaiti za Starlink, zilizoanza kurushwa kwa mafungu Mei 2019. Nukta isiyomweka ambayo inazimika ghafla katikati ya anga ni satelaiti iliyoingia kwenye kivuli cha Dunia. Kwetu karibu na ikweta, satelaiti za chini huonekana kwa saa chache tu baada ya jua kuzama au kabla ya kuchomoza. Mtu akikuambia aliiona saa sita usiku, tafuta jibu lingine.

Mwendo ndio unaowaangusha wengi. Aliye ndani ya basi huona miti ya kando ya barabara ikikimbia, kumbe anayekimbia ni yeye. Video maarufu ya GoFast, iliyorekodiwa mwaka 2015 kutoka ndege ya kivita ya Marekani, inaonyesha kitu kinachoonekana kuchanja juu ya bahari kwa kasi ya kutisha. Jopo lililoundwa na NASA lilichukua namba zilizoandikwa kwenye video yenyewe, yaani kimo, pembe na umbali, likapiga hesabu. Mwaka 2023 likatoa jibu: kitu kilikuwa juu sana, kama mita 4,000 kutoka baharini, na kilikwenda takriban kilomita 64 kwa saa. Sehemu kubwa ya kasi ile ilitokana na mwendo wa ndege iliyobeba kamera. Kwa hiyo anayekutajia kasi bila kujua umbali anabahatisha tu, hata kama ni rubani.

Siku ukiona kitu cha ajabu wewe mwenyewe, egemeza simu ukutani, usivute picha karibu, acha paa au mnazi uonekane kwenye fremu, na itaje saa kwa sauti. Kisha mpigie mtu wa mtaa wa pili arekodi kutoka alipo: video mbili kutoka sehemu mbili ndizo zinazoweza kukupa umbali.