Vidokezo 8 vya Kufikisha Maziwa Daraja Mbili Yakiwa Mazima

Mfugaji wa Ilboru, Ng'iresi au Tengeru anaamka alfajiri kukamua ili muuza chai wa Daraja Mbili, jijini Arusha, apate maziwa mapema. Yakikatika sufuriani, mteja halaumu jua wala bodaboda. Anakulaumu wewe. Na mara nyingi huwa yameharibikia bandani.

1. Nawa kwanza. Mikono kwa sabuni, kiwele kwa maji safi ya vuguvugu, kisha kausha kwa kitambaa. Kila ng'ombe awe na kitambaa chake. Kiwele kibichi hudondosha uchafu moja kwa moja ndooni.

2. Kagua matone ya kwanza. Yakamulie kwenye kikombe cheusi. Ukiona mabonge, majimaji au damu, shuku ugonjwa wa kiwele: mkamue ng'ombe huyo mwisho, maziwa yake usiyauze, na mwite daktari wa mifugo.

3. Majani baadaye. Mabaki ya kabichi na vitunguu kutoka sokoni ni chakula cha bei nafuu, lakini harufu yake huingia kwenye maziwa. Mpe ng'ombe akishakamuliwa. Wakati wa kukamua, pumba zinamtosha.

4. Achana na dumu la mafuta ya kula. Mkono hauingii, na mikwaruzo ya ndani ni maskani ya bakteria. Keni ya alumini ni ghali mara moja tu. Isuuze kwa maji baridi, isugue kwa sabuni na maji ya moto, suuza tena, kisha ianike juani mdomo ukiwa chini.

5. Chuja, kisha poza. Maziwa hutoka na joto la nyuzi 38 hivi, na katika joto hilo bakteria wanaweza kuongezeka maradufu kila dakika 20 hadi 30. Huna jokofu? Tumbukiza keni kwenye beseni la maji baridi, koroga, badilisha maji yakipata joto. Ubaridi wa Mlima Meru haukutozi bili.

6. Ya jioni yakae peke yake. Ukiyamimina ya asubuhi yenye joto juu ya yaliyolala, yote yatachachuka pamoja. Anayetaka mtindi atakuambia.

7. Heshimu sindano. Ng'ombe aliyetibiwa kwa antibiotiki ana siku ambazo maziwa yake hayauzwi. Soma lebo au muulize daktari. Kuchemsha hakuondoi mabaki ya dawa. Dang'a nayo ni ya ndama, haiendi sokoni.

8. Usiongeze maji. Laktomita ikisoma chini ya 1.026, mnunuzi ana haki ya kukutilia shaka. Ukiongeza maji machafu, unauza maziwa pamoja na ugonjwa wa kuhara. Tangu Sheria ya Maziwa ya mwaka 2004, usimamizi wa biashara hii uko chini ya Bodi ya Maziwa Tanzania, kwa hiyo usidhani ni siri kati yako na bomba.

Nawe mnunuzi, chemsha mpaka yafure, hata kama mfugaji ni shemeji yako: kifua kikuu na brusela huweza kuambukizwa kupitia maziwa mabichi. Ila moto huua vijidudu tu, hauyarudishi maziwa yaliyochacha. Mfugaji, anza na kikombe cheusi na beseni la maji kesho asubuhi; mteja asiyepata hasara kwako hatafuti muuzaji mwingine.