Darasa la 12, Ramadhani 1447: Mtihani wa Mei na mgawanyo wa saa zako

  

Leo tunajibu swali lililoletwa na kijana mmoja wa jamaa yetu. Ni mhasibu, anaingia kazini saa 2 asubuhi na kutoka saa 11 jioni. Amejisajili mtihani wa CPA wa NBAA, kikao cha Mei. Ameshajaribu mara mbili akabaki na masomo. Ada ya safari hii ametoa mama yake, pesa ya mchezo. Anauliza mambo matatu: aache tarawehe asome? Aahirishe mpaka Novemba? Na la tatu ameliandika mwishoni kabisa, kama mtu anayeona haya: kuna rafiki anaweza kumpatia ED ya wiki moja kutoka zahanati, je, hiyo ina ubaya gani ikiwa nia ni elimu?

Naanza na hilo la tatu, maana ndilo zito. Ndugu yangu, wewe unasomea kazi ya kushuhudia hesabu za watu. Siku utakapoweka sahihi, benki, wenye hisa na serikali wataamini karatasi kwa sababu ya jina lako. Sasa unataka kuingia kwenye chumba cha mtihani wa uaminifu ukiwa umeshika karatasi ya uongo? ED ya bandia ina makosa matatu kwa mpigo: umesema uongo, umemwingiza tabibu kwenye uongo, na umechukua mshahara wa siku ambazo hukuwa mgonjwa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni, na ndani yake mwandishi ameamrishwa aandike kwa uadilifu. Yaani kazi yako imetajwa humo. Usiianze kwa kughushi.

Hilo hilo linamhusu anayefungua notisi chini ya meza saa za kazi. Saa ya mapumziko ni yako, soma. Saa ya mwajiri ni amana. Na mwajiri naye asione tunamtetea tu: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28. Anayemweka mtu mpaka saa 2 usiku kila siku bila malipo ya ziada, naye amchunge Mola wake.

Kwa hiyo njia ya halali ipo, nayo ni likizo yako mwenyewe. Ila mwajiri ndiye mwenye kauli ya mwisho lini uichukue, na hapo ndipo vijana wengi hukwama: wanaomba wiki moja kabla. Andika barua wiki hii, si baada ya Idi. Na uiandike kihasibu. Wewe unajua kodi ya mishahara ya Aprili inatakiwa TRA ifikapo tarehe 7 Mei, na ritani ya VAT tarehe 20. Bosi akisoma kwamba utaandaa mishahara ya Aprili mapema, fulani atabaki kuwasilisha, na wewe utarudi kabla ya tarehe 20, ana sababu gani ya kukataa? Anayekataliwa sana ni yule anayeacha meza imejaa na kusema tu "nina mtihani".

Tuje kwenye Mei au Novemba. Mitihani ya NBAA iko mara mbili kwa mwaka, na watu huchagua kikao kwa hofu badala ya kuangalia kalenda ya ofisi yao. Kampuni inayofunga mwaka 31 Desemba ina wakaguzi ndani miezi ya mwanzo wa mwaka, na ritani ya mwisho ya kodi inasubiri mpaka 30 Juni. Aliye huko, Mei itambana, Novemba ina nafasi. Aliye halmashauri ni kinyume chake: mwaka unafungwa 30 Juni, hesabu ziende kwa CAG ifikapo 30 Septemba, kisha wakaguzi wanakuja na hoja zao. Huyo Novemba atasoma saa ngapi? Kijana wetu hakusema yuko upande gani. Kama uko halmashauri, usiahirishe. Kama uko kampuni na ada imeshalipwa, nami nasema endelea na Mei, lakini piga hesabu kwanza tuone kama inatosha.

Hesabu yenyewe hii. Ramadhani ikitimia 30 zimebaki siku 18. Saa moja kwa siku ni saa 18. Kutoka Idi mpaka mwanzo wa Mei kuna wiki kama sita. Saa 2 kila siku ya kazi, saa 3 Jumamosi na 3 Jumapili, unapata 16 kwa wiki, jumla 96. Halafu tazama sikukuu: mwaka huu Ijumaa Kuu ni 3 Aprili, Jumatatu ya Pasaka tarehe 6, Karume tarehe 7. Siku tano mfululizo ofisi nyingi zimefungwa! Mei Mosi nayo ni Ijumaa. Muungano imeangukia Jumapili, hiyo ilishahesabiwa. Siku hizo nne za kazi ukiongeza saa 3 kila moja, ni 12. Jumla kuu saa 126. Mwenye masomo manne ana saa 31 na nusu kwa kila somo, kabla hata hujagusa likizo. Aliyekwisha kusoma mara mbili, hizo si haba. Lakini zisitumike kusoma kitabu upya toka ukurasa wa kwanza. Karatasi ni ya saa tatu, basi jipime kwa saa tatu, na maswali ya miaka iliyopita, simu ikiwa chumba kingine.

Sasa tarawehe. Tarawehe ni sunna, huna dhambi ukiiswali nyumbani au ukiswali chache. (Wa rakaa 8 na wa rakaa 20, tafadhali, tusirudishe ule ugomvi hapa kwenye chaneli.) Lakini kuiacha mwezi mzima kwa hoja ya kusoma, sikushauri, na sababu ni ya kimwili pia. Umefungua saa 12 na dakika arobaini na kitu, tumbo lina mihogo ya nazi na tambi, kichwa kizito. Ukikaa na kitabu saa 2 usiku unasinzia juu yake. Swali, lala saa 4. Amka saa 10 ule daku, swali Alfajiri, kisha usirudi kitandani. Hapo mpaka saa 1 asubuhi una saa yako moja safi, kijiji kimya, hata bodaboda hazijaanza kelele. Mtume (s.a.w.) aliuombea umma wake baraka katika asubuhi zake, na aliyeipokea hadithi hiyo, Sakhr al-Ghamidi (r.a.), alikuwa mfanyabiashara. Akawa anatuma bidhaa zake mapema asubuhi, akatajirika. Kumi la mwisho punguza kitabu, zidisha usiku. Saa chache ukizipoteza hapo, Pasaka itakulipa.

Wapo wanaouliza kama mtihani ni udhuru wa kula mchana. Mwaka huu swali halipo, maana Mei iko nje ya Ramadhani. Mwaka 2019 Ramadhani iliingia wiki ya kwanza ya Mei, mwezi ule ule wa kikao cha mtihani. Udhuru ni ugonjwa na safari. Mtihani peke yake haumo.

Jambo moja zaidi, na hili nawaambia wanaume. Ukisoma ile saa ya alfajiri, kuna mtu ameamka kabla yako kupasha daku. Na dada zetu wahasibu nao wako humu: wanatoka ofisini saa 11, wanashuka kwenye daladala ya Bunju, na wanategemewa uji, kaimati na viazi viwe mezani Maghribi. Huyo atapata wapi saa 126? Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake. Mume wa mtahiniwa, futari ya aina mbili inatosha. Menya mihogo mwenyewe siku za kazi, na umuachie mkeo chumba.

Sisi wa Kaole isitushangaze hesabu kuzungumzwa msikitini. Waliojenga ule msikiti wa mawe kule magofuni katika karne ya 13 walikuwa watu wa bandari na biashara, na vyombo vya Kichina vilivyookotwa pale havikufika bila mtu kuandika nani anadai nini.

Tarehe na ratiba ya mtihani zitazame kwenye tovuti ya NBAA, msitegemee picha zinazorushwa kwenye makundi. Kama kuna karatasi ya Ijumaa, jua mapema msikiti ulio karibu na kituo chako.

Mwenye vitabu au maswali ya zamani ya CPA asivifungie kabatini. Avilete msikitini baada ya Alasiri, Jumamosi hii, tumeweka kabati nyuma ya safu ya mwisho. Anayetaka kuazima aandike jina na tarehe kwenye daftari.