Sumuni, Mbao na Jirongo: Majina ya Pesa ya Eastlands na Thamani ya Shilingi

Utangulizi

Mijadala kuhusu Sheng katika vyuo vyetu aghalabu huishia kwenye asili ya maneno: neno hili limetoka Kikuyu, lile Kiingereza. Makala haya yanayatazama majina ya pesa yanayotumika katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, kwa jicho tofauti. Yanadai kwamba majina hayo ni kumbukumbu ya safari ndefu ya shilingi dhidi ya fedha za kigeni, na kwamba msomaji wa fasihi asiyeijua safari hiyo huisoma vibaya kazi yoyote inayotaja mshahara, kodi ya nyumba au nauli.

Sumuni na mishahara ya 1921

Wazee wa Kaloleni na Makongeni bado huziita senti hamsini sumuni. Neno hili limetokana na Kiarabu, nalo lina maana ya sehemu moja ya nane. Lakini senti hamsini ni nusu ya shilingi. Unane huo ni wa nini? Ni wa riale ya Maria Theresa, iliyotumika pwani katika karne ya 19. Riale ilikuwa na thamani ya rupia mbili na ushei, hivyo thumuni yake ilikaribia robo rupia. Rupia iliposawazishwa na shilingi mbili, robo yake ikawa senti hamsini. Riale ikatoweka, rupia ikatoweka, jina likabaki.

Mabadiliko hayo hayakuwa ya hesabu tu. Rupia ilikuwa ikibadilishwa kwa shilingi moja na peni nne za Kiingereza. Mwaka 1920 ikafungwa kwenye shilingi mbili, florini ikachukua nafasi yake, na shilingi ya Afrika Mashariki ikafuata mwaka 1921. Mlowezi aliyekuwa na deni la rupia alijikuta deni hilo limeongezeka kwa nusu likipimwa kwa pauni, ilhali kahawa yake iliuzwa London kwa pauni zile zile. Waajiri wakaazimia kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Azimio hilo lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomletea Harry Thuku, karani wa simu katika Hazina, wafuasi wengi jijini, hadi alipokamatwa na waandamanaji kupigwa risasi tarehe 16 Machi 1922. Wahusika wengi wa kisa hicho hawakuwahi kushika pauni mkononi, lakini bei ya pauni iliwafikia.

Pauni na mbao

Chini ya ukoloni, shilingi ishirini zilikuwa pauni moja ya Uingereza. Shilingi ya Kenya iliyotolewa tarehe 14 Septemba 1966 iliurithi uhusiano huo. Uingereza iliposhusha thamani ya pauni Novemba 1967, Kenya haikufuata; hata hivyo, serikali iliendelea kwa miaka mingi kuandika hesabu zake kwa 'pauni ya Kenya' ya shilingi ishirini, na watu wakaendelea kuziita pauni. Katika Sheng, kiasi hicho ni mbao.

Tarakimu haijasogea: mbao ni ishirini tu. Kilichosogea ni thamani. Mwaka 1966 dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi 7.14, kwa hiyo shilingi ishirini zilipata dola 2.80. Mwaka 2025, dola ikiwa takriban shilingi 129, mbao haifiki hata senti 16 za Marekani. Kwenye kibanda cha Kayole ni mandazi mbili.

Nauli katika jina la gari

Mchumi wa Uswidi, Gustav Cassel, mwaka 1918 aliipa jina nadharia inayoweza kuitwa ulinganifu wa uwezo wa kununua. Kwa mujibu wake, bei za nchi moja zikipanda haraka kuliko za nchi nyingine, sarafu ya nchi ya kwanza hatimaye hushuka kwa kadiri ya tofauti hiyo.

Eastlands ina neno la kuijaribia nadharia hii. Matatu, kwa maelezo yaliyozoeleka, ni vipande vitatu vya senti kumi, yaani nauli ya senti thelathini iliyotozwa na magari hayo yalipoanza. Tuchukue nauli ya shilingi 50 kati ya mjini na mitaa kama Buruburu. Imepanda takriban mara 167. Bei za Marekani kutoka 1966 hadi 2024 zilipanda karibu mara kumi. Ukigawanya unapata kama 17, na dola yenyewe imepanda mara 18. Ukaribu huu usishangiliwe kupita kiasi. Nauli moja si fahirisi ya bei, na mvua ikinyesha saa kumi na moja jioni nauli hiyo hiyo huwa mia, hesabu yote ikavurugika.

Isitoshe, nadharia husema 'hatimaye', na hatimaye inaweza kuchelewa. Thamani ya shilingi ilifungwa kwenye dola mwaka 1971, ikahamishiwa kwenye kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1975, na kuachiwa soko Oktoba 1993. Januari 2024 dola ilikaribia shilingi 160. Serikali ilipopata mkopo mpya wa kulipia hati za deni za kigeni mwezi uliofuata, ikashuka hadi karibu 130 kabla ya Aprili. Bei za vibandani hazina wepesi huo, na nauli ikishapanda ni nadra ishuke.

Tena kuna huduma zisizovuka mpaka. Mkaazi wa Chicago hawezi kusafiri hadi Dandora kunyolewa, kwa hiyo hakuna kinacholazimisha bei ya vinyozi ilingane. Ndiyo maana shilingi 129 hununua Dandora huduma nyingi kuliko dola moja inavyonunua Chicago. Kwenye petroli na marobota ya mitumba ya Gikomba nafuu hiyo haipo, kwa sababu vyote hununuliwa ng'ambo kwa dola.

Jirongo

Noti ya shilingi 500 ilitolewa mwaka 1988, lakini jina lake la mitaani lilikuja na kampeni za 1992, kundi la vijana wa KANU lililoongozwa na Cyrus Jirongo lilipohusishwa na umwagaji wa noti hizo. Mwaka huo dola ilikuwa wastani wa shilingi 32. Mwaka 1993 ikawa 58, na mfumuko wa bei ukafika takriban asilimia 46. Jirongo moja ya 1992 ilikuwa zaidi ya dola 15. Ya 2025 haifiki dola nne. Hapa jina la mtu limehifadhi kile ambacho tarakimu imekificha: kulikuwa na wakati ambapo noti hiyo iliweza kumshawishi mpiga kura.

Tatizo la msomaji

Alamin Mazrui alipochapisha Kilio cha Haki mwaka 1981, dola ilikuwa takriban shilingi 9. Mwanafunzi wa leo anayesoma tamthilia au riwaya ya miaka hiyo huviona viwango vya mishahara kama kichekesho, na darasani hucheka mahali ambapo mwandishi alikusudia uchungu. Wahariri hufafanua msamiati wa kilahaja kwa bidii lakini huiacha shilingi bila maelezo, kana kwamba ni neno lile lile. Kubadilisha kiasi hicho kuwa dola hakutoshi, kwa sababu mhusika hakununua kwa dola. Tanbihi yenye manufaa ingesema mshahara huo ulilipa kodi ya chumba cha Bahati kwa miezi mingapi, na baada ya kodi zilibaki pakiti ngapi za unga.