Nani Aingie Uwanjani? Somo Kutoka kwa Ndege za Modeli Zinazopigana

Ndege za modeli za kupigana hazirushiani risasi. Kila moja inaongozwa kwa redio na rubani aliyesimama chini, kofia ngumu kichwani, na nyuma yake inaburuta utepe wa karatasi laini, mrefu kuliko ndege yenyewe mara kadhaa. Kazi ya rubani ni kuukata utepe wa mwenzake kwa pangaboi au kwa bawa, huku akiulinda wa kwake ubaki mzima. Kila mkato una pointi zake. Kugongana si lengo, lakini ndege kadhaa zikibanana kwenye kipande kimoja cha anga kugongana kunatokea tu, na hapo jamaa anarudi nyumbani na vipande kwenye mfuko.

Mchezo huu una wenyewe, na wengi wao wako Ulaya na Marekani. Hapa kwetu, kabla hujafikiria kurusha chochote cha rimoti, kaulize kwanza TCAA habari za kibali. Kwa hiyo sijauleta hapa ili watu wakaanze kurusha kesho pale uwanjani. Kilichonivuta ni kanuni zake za kuamua ndege ipi iingie daraja lipi. Nasoma ualimu, hisabati na fizikia, na muhula huu somo la upimaji linatuuliza swali hilohilo kila wiki: ukitaka kuwapanga watu kwa haki, unapima nini?

Jibu la kwanza linapendwa Ulaya. Kwenye daraja la Vita Kuu ya Pili, kila modeli lazima iwe mfano wa ndege ya kweli ya enzi hizo, iliyopunguzwa kwa skeli ya 1:12. Kwa kuisikia tu, hiyo ni haki tupu. Wote skeli moja, nani alalamike?

Sasa chukua kalamu. Spitfire ya Waingereza ilikuwa na eneo la mabawa la takribani mita za mraba 22.5. Messerschmitt Bf 109 ya Wajerumani ilikuwa na takribani 16. Ukipunguza urefu mara 12, eneo linapungua mara 12 kwa 12, yaani 144. Spitfire yako inabaki na kama sentimita za mraba 1,560, na Messerschmitt yako na kama 1,110. Kama ndege zote mbili zina uzito sawa, mwenye Spitfire ana bawa kubwa zaidi kwa asilimia 40 la kubebea mzigo uleule. Atakata kona kwa duara dogo zaidi, na kwenye mchezo wa kufukuzana nyuma ya utepe, kona ndiyo kila kitu. Mwaka 1940 marubani wa kweli wa ndege hizi mbili walipambana juu ya Uingereza na hakuna aliyemwona mwenzake mnyonge, kwa sababu vita vile vilikuwa na mengine: mwinuko, kasi ya kushuka, mafuta yaliyobaki. Skeli inabeba umbo. Hayo mengine haiyabebi.

Halafu kuna wajanja. Ukisema tu "ndege ya enzi za vita", mtu atakesha na vitabu mpaka aipate yenye bawa linalomfaa. Chukua Focke-Wulf Ta 152H. Ilitoka vita vikikaribia kwisha, zikatengenezwa chache, na mabawa yake yalikuwa na upana wa mita 14.44 kutoka ncha hadi ncha kwa sababu ilikusudiwa kupigana juu sana, kwenye hewa nyepesi. Je, ihesabiwe sawa na ndege zilizojengwa kwa maelfu? Na ile ya majaribio iliyojengwa moja tu, ikaruka mara mbili ikaachwa? Hapo ndipo kanuni za sifa zinapoanza kurefuka: iwe iliruka kweli, iwe iliingia kazini, umbo lifanane na michoro. Sisi tuliocheza mashindano ya vitivo tunaijua hali hii. Kanuni inasema "awe mwanafunzi wa kitivo", basi wiki ya fainali unaona mamluki wana vitambulisho vipya vinavyong'aa.

Jibu la pili linatoka Marekani, kwenye daraja linaloitwa Slow Survivable Combat, yaani mapambano ya polepole ambayo ndege ina nafasi ya kunusurika. Jina lenyewe linakuambia kilichowasumbua. Injini zikiachiwa, mwenye pesa ananunua kasi, ndege zinavunjika vibaya, na mgeni aliyejenga yake miezi miwili anaipoteza dakika ya kwanza. Hamwoni tena. Daraja hili linaweka kikomo kwenye kitu kinacholeta ushindi: propela ni ya inchi 8 kwa 3, na injini isizidi mizunguko 17,500 kwa dakika. Nambari 8 ni kipenyo. Nambari 3 ni umbali ambao propela ingesogea kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu ndani ya ubao. Zidisha inchi 3 kwa 17,500, unapata kama mita 1,333 kwa dakika, yaani kilomita 80 kwa saa. Angani mambo hayaendi sawasawa na karatasi, lakini umeshaijua kasi ya daraja zima bila kumuuliza mtu injini yake aliinunua bei gani.

Na kinapimwa palepale. Takometa inaelekezwa kwenye propela, namba inasomeka, wewe mwenyewe unaiona. Imezidi, punguza. Hakuna kwenda kubishana kuhusu mwaka 1944.

Kwa upande wangu napenda jibu la pili, ingawa nakiri la kwanza lina raha yake. Mwenye kupenda Messerschmitt anajua anaingia na bawa dogo, na anaingia hivyohivyo kwa sababu ndiyo ndege anayoipenda. Hiyo pia ni aina ya haki, ya watu waliokubaliana kubeba historia pamoja na mapungufu yake. Ila kama lengo ni mgeni aweze kuja, apoteze, na arudi tena mwezi ujao, pima kile kinachomshindia mtu, na ukipime mbele yake.

Nilitumia mfano huu kwenye zoezi letu la kufundishana darasani, mada ya maumbo yanayofanana. Niliwapa wenzangu namba za Zero ya Wajapani, upana mita 12 na eneo mita za mraba 22.44, wachague kati yake na Spitfire, kisha kila kikundi kiandike kanuni moja tu ya kuwasawazisha marubani. Wengi walikimbilia uzito. Kikundi cha nyuma kikasema rubani asichague kabisa, ndege zote ziwekwe mezani na zigawanywe kwa kura. Dada mmoja akasimama: "Yaani nijenge mimi miezi miwili, uje uivunje wewe?" Wakajibu basi ajenge kama anayejua atarusha ya mwenzake. Ubishi huo ulituchukua mpaka wenye kipindi kinachofuata wakaanza kugonga mlango.