Dondoo muhimu: Ukimchukua paka kiziwi Buguruni

Yule paka mweupe pe, mwenye macho ya bluu, anayejisugua miguuni mwako pale kwa wauza samaki, huenda hasikii hata honi ya daladala. Paka wa namna hiyo wengi huzaliwa viziwi. Ukimpenda mchukue, lakini akae ndani: Barabara ya Mandela na ya Uhuru zinakutana hapo hapo, na bodaboda hazimsubiri mtu.

Usimguse ghafla akiwa amelala, atashtuka akuparure. Gonga sakafu kwa mguu ahisi mtikisiko, au washa na uzime taa. Kila unapomwekea chakula, mwonyeshe ishara ileile ya mkono, ataizoea. Mtaa wenye Shule ya Viziwi haupaswi kushangaa ishara.

Jua la Dar ni adui wake mwingine, na watu wengi hawalijui hili. Ncha za masikio meupe huungua, na kidonda kisichopona hapo chaweza kuwa saratani. Mchana mzuie kuota jua dirishani. Ukiona kigaga kinachorudirudi, mpeleke kwa daktari wa mifugo, usimpake dawa ya kubahatisha.

Akipata homa, panadol ni marufuku! Hata kidonge kimoja chaweza kumuua paka. Dagaa wakavu waroweke wapungue chumvi, uwachemshe bila kitunguu. Chanjo ya kichaa cha mbwa aipate akifikisha miezi 3, na umuulize daktari lini irudiwe.