KOMINI: NENO HILI LINATOKA WAPI?



Kila siku tunasema: "Ninaenda ku komini." Mmoja anatafuta cheti cha kuzaliwa, mwengine anamusindikiza dada yake kufunga ndoa mbele ya burgumestri. Kwa masikio yetu komini ni ile nyumba yenye bendera, na watu wamepanga mustari mbele ya mulango. Tukiulizana "Uko wa komini gani?" tunajibu upesi: Katuba, Kenya, Kamalondo, Kampemba, Ruashi, Lubumbashi, Annexe. Zote saba tunazijua kwa kichwa. Lakini neno lenyewe maana yake nini? Hapo wengi wetu tunanyamaza.

Komini ni neno la Kifaransa, nacho kimelitoa mu Kilatini: communis. Ndani yake muko maneno mawili. Cum, ni kusema pamoja. Na munus, kazi au muzigo ambao mutu anapashwa kubeba kwa ajili ya wengine. Basi, wa komini ni wale wanaobeba muzigo mumoja. Angalieni vizuri: ndani ya neno hili hamuna nyumba, hamuna mupaka, hamuna mukubwa. Muko watu tu. Zamani kule Ufaransa wakaaji wa miji waliapa pamoja kusaidiana na kujilinda mbele ya bwana wao, na umoja ule wa kiapo ndio walioita komini. Mu muji wa Laon, mwaka 1112, askofu aliyekuwa bwana wa muji aliwavunjia komini yao. Watu wakaasi, naye akauawa. Hatusifu mauaji, hapana. Tunasema tu kwamba neno hili halikuzaliwa mu ofisi.

Kwetu, lakini, lilifika kwa karatasi: dekreti ya Wabelgiji ya tarehe 26 Machi 1957, juu ya miji. Desemba ya mwaka ule ule wakaaji wa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, walipiga kura kuchagua washauri wa komini. Wanaume tu, mama zetu wakubwa walibaki nyumbani. Kamalondo iliitwa wakati ule Albert, jina la mufalme wa Ubelgiji. Kura ile ilileta maneno mengi. Mu komini ine za Waafrika, burgumestri wote wakawa watu wa asili ya nje ya Katanga, na wenyeji wengi wakakasirika. Hasira ile ni moja ya sababu chama cha Conakat kilizaliwa mu Oktoba 1958. Ni ajabu: neno la kubeba muzigo pamoja, watu wakalitumia kuhesabiana, nani wa kwetu na nani wa kuja. Na hesabu ile tunaisikia hata leo, hata mu bwalo la shule.

Mu miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, komini ziliitwa zoni, burgumestri naye komiseri wa zoni. Zoni ni neno la Kigiriki: mukanda wa kiunoni. Kwetu siye, tofauti ni kubwa. Mukanda mutu mwengine anaweza kukufunga nao. Muzigo wa pamoja lazima wewe mwenyewe uweke bega. Baada ya 1997 jina la komini lilirudi, lakini kuko wazee ambao mpaka sasa wanasema "zoni ya Katuba", na tunawasikia bila shida.

Juu ya Annexe, neno moja tu. Maana yake ni kitu kilichoongezwa pembeni, kumbe kwa ukubwa wa udongo inapita zingine zote, na inazizunguka! Wenzetu wa kule wanacheka, wanasema ni muji ndio ulioongezwa kwao.

Mu Desemba 2023 watu wa Lubumbashi walipiga kura tena kuchagua washauri wa komini, wanawake na wanaume. Siye wa mwaka wa mwisho hatukuwa bado na umri wa kupiga kura. Ile itakayofuata itatukuta mu mustari.